Majina Mawili kwenye Ratiba Hayatoshi: Kufundisha kwa Pamoja ni Nini

Muhula ukianza utasikia, "Kozi hii ya mwaka wa kwanza tunafundisha kwa pamoja, mimi na mwalimu wa lugha, yule wa Kiingereza." Uliza kwa vipi. Utaambiwa mhadhiri wa somo anachukua wiki za mwanzo, mwalimu wa lugha anamalizia zilizobaki. Hapo watu wamegawana kozi, hawajafundisha pamoja.

Kufundisha kwa pamoja ni wawili hao kupanga kipindi kimoja, kuingia darasani wote, na kusahihisha kazi kwa vigezo walivyokubaliana. Maana ni hiyo tu. Ila kuna mambo mawili yanayofanana nayo, na yote ni mazuri. Kuna kuulizana: mwalimu wa lugha anamwomba mwenzake muhtasari wa kozi na mitihani iliyopita, kisha anatunga mazoezi yake. Kuna pia kuandaa pamoja, ambapo mazoezi wanayatunga wote lakini darasani anaingia mmoja.

Kinachoniudhi ni cha tatu: mhadhiri anafundisha, halafu mwalimu wa lugha anaitwa mwishoni kusafisha sarufi. Hicho nacho kinaitwa kufundisha kwa pamoja!

Chukua mwanafunzi wa kilimo anayeandika ripoti ya jaribio la maharage. Ana vitalu viwili, kimoja kimewekwa samadi, kingine hakikuwekwa. Anahitimisha kwa Kiingereza chake kwamba matokeo "yanathibitisha" kuwa samadi huongeza mavuno. Sentensi imenyooka, kwa hiyo mwalimu wa lugha akiwa peke yake ataweka tiki. Mhadhiri wa kilimo atakata alama bila maelezo, maana vitalu viwili havithibitishi kitu. Mwanafunzi anabaki hajui kama amekosea kilimo au lugha. Wakiwepo wote wawili, mmoja anaeleza kwa nini ushahidi hautoshi, na mwingine anaonyesha namna mwanasayansi anavyosema jambo asilo na uhakika nalo: matokeo "yanaashiria", "yanaelekea kuonyesha". Kosa ni hilo hilo moja, na hakuna kati yao ambaye angelimaliza peke yake.

Ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Katika Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, karibu na mwaka 1980, Tim Johns na Tony Dudley-Evans walifanya hivyo na wanafunzi wa uzamili kutoka nchi za nje, wa uchukuzi na wa baiolojia ya mimea. Mihadhara ilirekodiwa, mwalimu wa lugha akatayarisha kazi kutokana nayo, na mhadhiri wa somo akawemo katika kipindi chenyewe, wakati wanafunzi wakichambua mhadhara na kujifunza kujibu maswali ya mtihani. Baadaye, huko Cape Town, Cecilia Jacobs aliwaunganisha wahadhiri wa lugha na wa masomo wakafanya kazi wawili wawili. Alichokiona nakiamini kabisa: mhadhiri wa somo ameizoea lugha ya fani yake kiasi kwamba haoni tena kanuni zake. Anahitaji mtu wa nje wa kumuuliza, "Kwa nini mnaandika hivi?" Kwa hiyo ugeni wa mwalimu wa lugha ndio unaomfanya afae, na hauwezi kufaa kitu akiitwa kazi imeshakwisha.

Kwetu Tanzania haja ni kubwa zaidi. Mwanafunzi wa kawaida amesoma msingi kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza, na chuoni anakutana na Kiingereza cha fani ambacho hakuna aliyewahi kumfundisha. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha kitengo cha stadi za mawasiliano mwaka 1978, na leo kozi ya aina hiyo ni ya kawaida vyuoni. Lakini mara nyingi inasimama peke yake, ukumbi umejaa watu wa fani mbalimbali, na mhadhiri wa fani hajawahi kukanyaga humo. Siwalaumu wenye idara. Kuwaweka walimu wawili kwenye saa moja ni gharama, na mkuu wa idara anayepanga ratiba lazima aangalie idadi ya watu alionao.

Basi idara isiyoweza kuwaingiza wote wawili darasani iandike kwenye ripoti yake kwamba kozi ina wahadhiri wawili wanaopokezana, au kwamba mwalimu wa lugha alishauriwa wakati wa kuandaa. Ni maelezo sahihi na hayana aibu yoyote, na atakayeyasoma mwakani atajua bado kuna mhadhiri mmoja wa kuombwa aingie darasani.