Je, wajua kwa nini sheria ya kazi inataja stendi ya basi?

Kwa miaka mingi niliamini, tena niliwaambia watu bila kusita, kwamba anayeachishwa kazi ugenini lazima alipwe nauli mpaka kwao. Kwao, maana yake alikozaliwa. Hapa Kigoma ukiliuliza hilo kijiweni utajibiwa hivyohivyo, na mwenye sauti kubwa ataongeza kwamba mizigo nayo inalipiwa.

Mdogo wangu alipositishiwa kazi kwenye shamba moja Morogoro, nikamwambia kwa simu, "Dai nauli mpaka Kasulu, ni haki yako." Akadai. Akaulizwa swali moja tu: "Nani alikufuata Kasulu?" Hakuna aliyemfuata. Alipanda treni mwenyewe hapa Kigoma, akasimama getini siku tatu, siku ya nne akaandikwa. Jibu langu lilikuwa limeishia hapo.

Kinachozungumziwa ni kifungu cha 43 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, inayotumika Tanzania Bara. Mkataba ukisitishwa mahali tofauti na pale mfanyakazi alipoajiriwa, mwajiri ana njia tatu: amsafirishe pamoja na vitu vyake, au alipie usafiri wake, au ampe posho ya safari. Posho hiyo isipungue nauli ya basi mpaka kituo cha basi kilicho karibu zaidi na mahali alipoajiriwa. Ndiyo, Bunge lilikaa likaandika stendi ndani ya sheria. Kwa aliyetolewa kijiji cha mwambao wa Ziwa Tanganyika, kinachofikiwa kwa boti, maana yake ni kwamba kiwango cha chini kinakomea stendi, boti ajitegemee.

Kuzaliwa hakumo humo kabisa. Wala kabila, wala kaburi la babu. Kinachotuchanganya ni neno "kuajiriwa". Sisi tukilisikia tunaona mtu anasaini ofisini. Sheria inamaanisha jambo la kabla ya hapo: kile kitendo cha mwajiri, au wakala wake, kumtafuta mtu na kumshawishi aje kufanya kazi. Ni kama harusi. Uliyempelekea kadi Kibondo ukamwambia "njoo, nakutegemea", ni wako mpaka arudi. Aliyesikia muziki akazamia, mpe pilau kama una moyo, lakini asikudai nauli ya kurudi. Wote wawili wamekula meza moja; kilichowatofautisha kilitokea kabla hawajafika.

Kwa hiyo Mha wa Kasulu aliyejipeleka Morogoro, mbele ya kifungu hiki ameajiriwa Morogoro. Na mzaliwa wa Tanga aliyekuwa akiishi Tabora, akafuatwa hapo Tabora na wakala, hurudishwa Tabora, hata kama hana ndugu hata mmoja pale.

Kwa nini sheria ijali nani alimfuata nani? Hapo ndipo Kigoma yenyewe inapoingia. Reli ya Kati ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na miaka iliyofuata iliwabeba vijana wengi wa huku kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Ndio manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba yake. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha shirika lao la kuandikisha wafanyakazi, SILABU, na nchi ya Waha ilikuwa moja ya visima vyake vikubwa. Mtu alichukuliwa kijijini, akasafirishwa mamia ya kilomita, na mkataba ulipokwisha ilibidi mtu ajibu: huyu anarudije?

Shirika la Kazi Duniani lilikuwa limeshaanza kulijibu swali hilo mwaka 1936, katika Mkataba wake Na. 50 kuhusu uandikishaji wa wenyeji wa makoloni. Gharama ya kumrudisha aliyeugua njiani au aliyekutwa hafai kazi ilibebeshwa aliyemtoa; aliyemaliza muda wake wa kazi aliingizwa na Mkataba Na. 64 wa 1939. Na ule wa 1936 ukaeleza kuwa uandikishaji ni kuwapata watu ambao hawakujitokeza wenyewe kuomba kazi mahali pa kazi. Hawakujitokeza wenyewe! Niliposoma maneno hayo nilimwona mdogo wangu pale getini. Sheria ya 2004 haisemi ilirithi wapi, na sitadai kwamba waandishi wake walikuwa wakiwawaza manamba. Ila sheria ya ajira ya enzi za mkoloni, iliyofutwa na hii, nayo ilikuwa na sharti la kumrudisha mfanyakazi.

Sehemu yenye meno ni ndogo na wengi huiruka. Anayelipa kwa njia ya posho hudaiwa pia fedha ya kujikimu ya kila siku, tangu siku mkataba uliposita hadi siku mfanyakazi na familia yake wanaposafirishwa. Ni bomba lililoachwa wazi, na mwenye kuweza kulifunga ni mwajiri: akilipa nauli leo, maji yamekatika, akizungusha miezi minne, bili ni ya miezi minne. Kifungu chenyewe hakitaji kiwango cha siku; kanuni za 2017 ndizo zinazokipima kwa mshahara wa msingi wa siku, au kwa kiwango kinachowekwa na bodi ya mishahara ya sekta husika.

Jambo la ajabu zaidi: kiinua mgongo humkosa aliyefukuzwa kwa utovu wa nidhamu, lakini kifungu cha 43 hakina mstari unaomnyima huyo nauli. Kwa aliyeacha kazi mwenyewe siwezi kuzungumza kwa uhakika uleule.

Dai la namna hii hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 60; kupinga kuachishwa kwenyewe ni siku 30. Hufunguliwa kwenye ofisi ya eneo mgogoro ulikotokea, jambo linalowaumiza waliokwisha kurudi huku kwa nauli ya kukopa.

Ushahidi je? Kifungu cha 15 kinamtaka mwajiri aandike, miongoni mwa mambo mengine, mahali pa kuajiriwa. Asipoweza kuleta maandishi hayo kwenye shauri, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa humwangukia yeye. Yakiwapo nayo, mstari huo mmoja huwa na uzito kuliko hadithi yote ya kijijini.

Mdogo wangu amepata kazi nyingine. Safari hii msimamizi alimfuata Kasulu na gari. Walipompa mkataba asaini, palikuwa pameandikwa "mahali pa kuajiriwa: Morogoro". Akairudisha karatasi, akaomba kalamu.