Majibu ya vipimo ni ya nani? Tunayoyaamini kliniki Uganda na ukweli wake

Kwa miaka kadhaa nimekuwa mkalimani katika kliniki za Kampala. Ninaowasaidia wanajua Kiswahili, ila Kiganda na Kiingereza vinawapiga chenga. Wengi ni Wakongo, wengine wametoka Arua na Koboko, kaskazini magharibi mwa Uganda. Nimesikia mengi kwenye yale mabenchi ya kusubiria, na mengine yamewaumiza watu vibaya. Nitataja yale ninayokutana nayo kila wiki.

"Yeyote anayejua lugha anaweza kutafsiri."

Hili linaniuma kuliko yote. Mama anaingia kwa musawo, yaani daktari au muuguzi, na mtoto wake, maana mtoto anasoma hapa na Kiganda amekishika. Siku moja nilimkuta mama wa namna hiyo, mimba imemharibikia na damu haikatiki. Musawo anamwambia kijana wa miaka 11: muulize mama damu ilianza lini, muulize kama alikuwa na mimba. Mtoto akainamisha kichwa. Mama akajibu tumbo linauma, akanyamaza. Ilikuwa karibu aondoke na dawa za tumbo. Nilipoomba mtoto akakae nje, ndipo mama akasema yote, kwa sauti ya chini, huku ameshika mkono wangu.

Anayetafsiri anaingia ndani ya siri ya mgonjwa, kwa hiyo mgonjwa ndiye wa kumkubali au kumkataa. Jirani, mchungaji, shemeji, hata mimi: ukiona hatufai, sema. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inaziweka habari za afya katika kundi la habari nyeti, zinazolindwa kuliko jina au namba yako ya simu. Ulinzi huo unakwenda na habari zenyewe popote zinapopita, hata zikipita mdomoni mwa mkalimani.

"Mume ndiye anayetia saini."

Mwanamke mtu mzima mwenye akili timamu anajitilia saini mwenyewe, iwe ni kupasuliwa au kupewa njia ya uzazi wa mpango. Miongozo ya Wizara ya Afya kuhusu afya ya uzazi haidai ruhusa ya mume. Kumshirikisha mume ni jambo jema pale mke anapotaka, na ndoa nyingi zinakwenda hivyo. Lakini nimeona mama mwenye uchungu wa kuzaa akisubirishwa kwa sababu simu ya mume haipatikani, na hilo silikubali hata kidogo. Mgonjwa akiwa amezimia na kuchelewa kunaweza kumuua, musawo anaruhusiwa kuokoa maisha kwanza bila kungoja saini ya yeyote.

"Wenye virusi vya UKIMWI wanatakiwa kujitangaza, kama Lutaaya."

Mwanamuziki Philly Lutaaya alijitokeza hadharani na kusema ana virusi kabla ya kufariki Desemba 1989, na Uganda inamkumbuka kwa heshima anayostahili. Ila alichagua mwenyewe. Ujasiri wake haukumpa mtu mwingine haki ya kusema ya jirani.

Hapa lazima niwe mkweli, kwa sababu wengi huambiwa nusu tu. Sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2014 inataka majibu yatunzwe kwa siri, lakini ina milango. Mmoja ni huu: daktari anaweza kumweleza mwenzi wa mgonjwa, au mtu mwingine aliye naye karibu, pale anapoona yuko katika hatari ya wazi ya kuambukizwa. Mwenyewe naona mlango huo umepanuliwa mno, na wanaharakati wengi waliupinga. Hata hivyo ni uamuzi wa daktari mwenye sababu. Mume hawezi kufika mapokezi na kudai karatasi ya mkewe, wala mke ya mumewe. Mlinzi wa getini na mfagiaji hawana mlango wowote.

Na kijana? Kuanzia miaka 12 anaweza kukubali mwenyewe kupimwa VVU. Wazazi wengi hushtuka wakisikia hivyo.

"Daftari ni karatasi tu."

Katika vituo vingi vya serikali mgonjwa anakuja na daftari la shule, musawo anaandika humo, mgonjwa anarudi nalo nyumbani. Daftari hilo ndilo faili lako. Kila kitu kimo: ugonjwa, vipimo, dawa. Nimewahi kuona moja limewekwa juu ya kabati la sahani, watoto wanachorea kurasa za nyuma. Litunze kama unavyotunza kitambulisho. Zile kumbukumbu zinazobaki kituoni nazo unaweza kuomba kuziona, na kama kuna kosa, unaomba lirekebishwe.

"Ebola ikitajwa, siri hakuna tena."

Magonjwa kama Ebola na kipindupindu lazima yaripotiwe kwa mamlaka za afya, na waliokukaribia watatafutwa. Tuliona hayo wilayani Mubende mwaka 2022, Ebola ilipolipuka. Ripoti inakwenda kwa wanaohusika na kudhibiti mlipuko. Kikundi cha WhatsApp cha mtaa hakimo.

Vivyo hivyo picha. Kidonda chako kikipigwa picha ili daktari mwingine aombwe ushauri, uulizwe kwanza. Anayetoa habari za mtu kinyume cha sheria ile ya 2019 anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 4,900,000, kufungwa hadi miaka 10, au vyote viwili. Malalamiko yanapokelewa na Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi, na kama aliyekosa ni daktari, kuna Baraza la Madaktari.

"Nimeshaweka kidole, basi."

Kidole gumba kwenye fomu usiyoielewa hakithibitishi chochote zaidi ya kwamba una kidole. Ridhaa ni kuelezwa utafanyiwa nini, kuna hatari gani, na njia nyingine ipo au haipo, kisha ukakubali. Unaweza kubadili mawazo hata ukiwa umeshavaa gauni la upasuaji.

Kwa hiyo siku hizi, kabla wino haujagusa kidole, namwomba mgonjwa anieleze kwa maneno yake watakachomfanyia. Juzi mzee mmoja alinijibu, "Wanakwenda kuangalia ndani." Fomu ilisema wanakata mguu. Nilimrudishia musawo kalamu, tukaanza upya.