Siasa za maji taka: tunayodanganyana kila kampeni

Kila uchaguzi ukikaribia naisikia hii, eti kampeni bila kuchafuana hainogi. Mi siikubali, na ngoja niseme kwa nini.

DHANA: Kumhoji mgombea ni kumchafua.
UKWELI: Hapana jamani, haya mawili tofauti kabisa. Chukua uchaguzi wa rais Tanzania 2015, Edward Lowassa wa upinzani dhidi ya John Magufuli wa CCM. Lowassa alijiuzulu uwaziri mkuu Februari 2008 kwa sakata la Richmond, ule mkataba tata wa umeme wa dharura, sasa mtu akimuuliza ilikuwaje, hilo ni swali la kazi, mpiga kura ana haki ya kuuliza na mgombea ana haki ya kujibu. Ila mwaka ule watu wakahamia mwilini mwake, mara mgonjwa, mara hotuba fupi, mara hawezi kusimama, na upande wa pili Magufuli anapiga pushapu jukwaani tunashangilia. Magufuli akashinda kwa asilimia 58.46. Machi 17, 2021 akafariki akiwa madarakani, na Lowassa tukamzika 2024, karibu miaka mitatu baadaye. Simsimangi yeyote, wote wametangulia mbele za haki, nasema tu kwamba afya ya mtu haisomwi jukwaani, na muda tuliotumia kuisoma tungeulizia maji na dawa.

DHANA: Matusi yanaleta kura.
UKWELI: Yanaleta vigelegele. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walipitia tafiti 111 za kampeni za kuchafuana, wakakuta watu wanazikumbuka sana lakini hakuna ushahidi wa maana kwamba zinamletea kura anayezifanya, halafu zinashusha imani ya wananchi kwa serikali. Yaani hata ukishinda unaongoza watu wasiokuamini.

DHANA: Kipindi cha kampeni ni ruksa kusema chochote.
UKWELI: Kuna Maadili ya Uchaguzi, vyama vinasaini na lugha ya matusi na kashfa imekatazwa humo. Oktoba 2020 kamati ya maadili ilimsimamisha Tundu Lissu, mgombea urais wa Chadema, asifanye kampeni siku 7 kwa maneno aliyoyasema. Kama ilikuwa haki ama sio watu walibishana sana, lakini meno yapo, la kuuliza ni yanamng'ata nani na yanamwacha nani.

DHANA: Anayeumia ni mgombea peke yake na alijitakia.
UKWELI: Hii ndo inaniuma zaidi. Niliwahi kuwa kwenye mkutano wa udiwani, mgombea mmoja mwanamke, mpinzani wake akashika maiki akasema huyu ndoa imemshinda, kata ataiweza? Watu wakacheka, spika zinasikika mpaka sokoni. Binti yake wa darasa la sita alikuwa pale pale mbele, kavaa fulana yenye picha ya mama yake. Akaikunja mikono kifuani akaifunika ile picha, akabaki hivyo mpaka mkutano ukaisha. Na kuhusu mtaro wa sokoni unaofurika kila masika, siku ile hakuna aliyeuliza.