Je, wajua kwa nini Percy Sledge hakulipwa wimbo wake ulipopigwa redioni?

Kama umewahi kusikia "When a Man Loves a Woman", unaijua sauti ya Percy Sledge hata kama jina lake ni geni kwako. Wimbo huo ulitoka 1966, ukashika namba moja Marekani katika chati ya pop na ile ya R&B, na redio za huko hazijaacha kuupiga hadi leo. Lakini kila ulipopigwa kwenye redio za kawaida za Marekani, mwimbaji mwenyewe hakupata hata senti moja. Iliwezekanaje?

Sledge alizaliwa 1940 huko Leighton, jimbo la Alabama, katika nchi ya mashamba ya pamba. Alikuwa mhudumu wa wodi katika hospitali ya mji wa Sheffield, na mwisho wa wiki akiimba na bendi iliyoitwa Esquires. Kwa maelezo yake, wimbo ulitokana na kuachwa na mpenzi wake. Usiku mmoja jukwaani majonzi yalimzidi, akawaomba wenzake Calvin Lewis, mpiga besi, na Andrew Wright, mpiga kinanda, wampigie chochote tu, naye akaimba kilichokuwa moyoni. Alisema sauti ya wimbo huo alikuwa akiivumisha tangu ujana wake, kabla haujapata maneno.

Quin Ivy, mtangazaji wa redio aliyekuwa pia na duka la santuri, alimwingiza kwenye studio yake ndogo ya Norala, Sheffield, mapema 1966. Hapa naomba usikilize tena rekodi yenyewe. Ogani ya Spooner Oldham inaanza polepole, besi inashuka ngazi moja moja, Roger Hawkins hapigi ngoma zaidi ya inavyohitajika, na juu ya yote hayo Sledge anaanza pale ambapo waimbaji wengi humalizia: kwenye sauti ya juu kabisa, bila kujipasha moto. Kwangu mimi, hakuna rekodi ya soul, muziki wa Wamarekani weusi, ya Kusini mwa Marekani iliyoachia sauti ya mtu nafasi kubwa namna hiyo.

Rick Hall, mwenye studio ya FAME pale jirani, aliisikia na kumpigia simu Jerry Wexler wa kampuni ya Atlantic, New York. Wexler aliupenda wimbo ila akalalamika kwamba tarumbeta za mwishoni hazipatani na vyombo vingine. Zikarekodiwa upya. Inasimuliwa kwamba mikanda ilichanganywa, ikatolewa ileile ya kwanza, tena Wexler akafurahia jinsi ilivyorekebishwa! Sikiliza sekunde za mwisho, utasikia tarumbeta zikipwaya. Hata hivyo rekodi hiyo ikaipatia Atlantic diski yake ya kwanza ya dhahabu, yaani tuzo ya mauzo makubwa.

Sasa tuje kwenye fedha. Ulipofika wakati wa kuandikisha watunzi, Sledge aliwaachia wimbo Lewis na Wright. Karatasi ikabeba majina hayo mawili, lake halimo. Baadaye alikiri kwamba ulikuwa uamuzi mbaya, lakini hakwenda kuwanyang'anya.

Uzito wa uamuzi huo unatokana na sheria ya Marekani. Wimbo mmoja una mali mbili ndani yake: utunzi, yaani maneno na mahadhi ya wimbo, na rekodi, yaani ule uimbaji ulionaswa studioni. Nchi nyingi hudai redio zilipie zote mbili. Marekani, redio za kawaida hulipia utunzi tu, na aliyeimba hapati kitu. Santuri zikiuzwa, mwimbaji ana fungu lake kwa mujibu wa mkataba, lakini mrabaha wa redio huenda kwa mtunzi na mchapishaji wake. Ndiyo maana Michael Bolton alipourudia wimbo huo 1991 na kuufikisha tena namba moja, waliovuna kwenye utunzi walikuwa walewale wenye majina kwenye karatasi.

Nyimbo zake nyingine kubwa, kama "It Tears Me Up" ya 1966 na "Take Time to Know Her" ya 1968, zilitungwa na watu wengine, kwa hiyo redio haikumsaidia huko pia. Alibaki kulitegemea sana jukwaa. Aliimba nchi nyingi, na Afrika Kusini, alikokwenda 1970 wakati wa ubaguzi wa rangi, alipendwa mno.

Sheria ya 1995 ilianza kuwapa waimbaji haki ya malipo kutoka matangazo ya kidijitali, kama redio za setilaiti na za intaneti. Tatizo ni kwamba sheria ya hakimiliki ya shirikisho ilizilinda rekodi za kuanzia Februari 15, 1972 tu, na kazi bora za Sledge zote ni za kabla ya hapo. Pengo hilo lilizibwa kwa sheria mpya ya 2018. Sledge alikuwa amefariki Aprili 2015, Baton Rouge, akiwa na miaka 74, na redio za kawaida za Marekani bado hazimlipi mwimbaji.