Tenacious au stubborn? Maneno ya Kiingereza ya kumpima mtu tabia

Wengi ninaowaandaa kwa mtihani wa Kiingereza wa IELTS na kwa insha za kuomba ufadhili hunijia na orodha waliyokwisha kuikariri: patience, endurance, perseverance, resilience, fortitude. Ukiuliza maana ya kila moja, jibu huwa lile lile: uvumilivu. Si jibu baya, ila halimwachii mwandishi kitu, kwa sababu uvumilivu wetu umebeba mengi. Anayengoja foleni benki bila kununa ni mvumilivu. Anayemuuguza mzazi miaka na miaka ni mvumilivu. Aliyeunguliwa na duka akaanza upya na meza moja ya nyanya naye ni mvumilivu. Mwingereza huwatenga hao: wa kwanza ana patience, wa pili endurance, wa tatu resilience.

Ndiyo maana siku hizi naanza na kisa, orodha inafuata. Nakipenda cha Ernest Shackleton, msafiri wa nchi za barafu, na wenzake 27. Meli yao, yenyewe ikiitwa Endurance, ilibanwa na barafu ya Bahari ya Weddell huko Antaktika, ikazama Novemba 1915. Mwaka uliofuata watu 22 walibaki Kisiwa cha Elephant zaidi ya miezi 4, wakilala chini ya mashua 2 zilizopinduliwa, wakila sili na pengwini. Hiyo ni endurance: shida ingalipo, na mtu angalipo. Shackleton mwenyewe alikuwa amevuka bahari kwa mashua kwenda kutafuta msaada, na mara 3 alijaribu kuwarudia akashindwa kufika. Mara ya 4 akawachukua wote wakiwa hai. Hapo sema perseverance au tenacity, maana lengo ni moja na mtu haliachii.

Resilience husubiri pigo lipite. Asili yake ni Kilatini, kuruka na kurudi ulikotoka, na wahandisi hulitumia kwa kitu kinachokunjwa kisha kikarudia umbo lake. Kwa hiyo anayeandika “I am a very resilient person” bila kutaja lililomwangusha anamwacha msomaji akisubiri anguko. Taja kwanza kilichotokea, na mara nyingi neno lenyewe hutalihitaji tena.

Fortitude (ujasiri wa kustahimili mateso) na grit (ukakamavu) nazipitia haraka. La kwanza ni la hotuba na taazia. La pili ni fupi, kavu, la mazungumzo, na maana yake ya awali ni changarawe. Ukisema una fortitude kwa sababu ulimaliza zamu ya usiku, watu watatabasamu.

Kinachowaangusha wengi zaidi ni hukumu iliyojificha ndani ya neno. Mwaka 1948, kwenye redio ya BBC, mwanafalsafa Bertrand Russell alilinyambua neno moja kama kitenzi: “I am firm, you are obstinate, he is a pig-headed fool.” Kwetu ingekuwa: mimi nina msimamo, wewe ni mkaidi, yule hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Tabia ni ile ile, kinachobadilika ni nani anasemwa. Basi tenacious inasifu, stubborn mara nyingi inalaumu, na persistent iko katikati: muuzaji anaweza kuwa persistent, na kikohozi pia. Ukijifunza neno la tabia, andika pembeni alama ya kujumlisha, ya kutoa, au sifuri. Daftari lenye maneno kumi na alama zake nalithamini kuliko la maneno mia yasiyo nazo.

Angalia pia majirani wabaya. Humility ni unyenyekevu, lakini humiliated ni mtu aliyedhalilishwa. Nimesoma barua ya kazi ambayo mwombaji alijiita hivyo kwa fahari. Integrity haina kivumishi cha kawaida, na integral ni jambo jingine kabisa. Sema “a person of integrity”, yatosha.

Katika IELTS, msamiati ni robo ya alama za kuandika na robo ya za kuzungumza, na mtahini hatafuti neno gumu tu, anatazama limeketi na nani. Determination hupenda dogged, commitment hupenda unwavering. Kwenye kuzungumza, sisi tuna mazoea ya kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo character hututoka cha-RAC-ter badala ya CHA-racter. Persevere hukazwa mwishoni kabisa; perseverance hukazwa kwenye VE.

Mahali pa kuyakuta maneno haya yakiwa kazini ni taazia za magazeti ya Uingereza, ambako maisha mazima ya mtu hupimwa kwa sifa chache. Ila soma kwa jicho kali. Hugh Massingberd, aliyehariri taazia za Daily Telegraph kuanzia 1986 hadi 1994, alisifika kwa lugha ya mafumbo. Marehemu aliyekuwa “convivial” (mchangamfu wa tafrija) alikuwa mlevi. Aliyekuwa “tireless raconteur” (msimulizi asiyechoka) aliwachosha watu kwa hadithi. Na yule ambaye “did not suffer fools gladly” (hakuwavumilia wapumbavu), maneno ambayo waombaji kadhaa wameniletea wakijisifu nayo, alikuwa na hasira za kupindukia.