Kani ya sumaku kati ya nyaya sambamba: kwa nini mikondo inayofuatana huvutana

Ukichemsha maji kwa birika la umeme, nyaya mbili zilizo ndani ya kebo yake zinasukumana muda wote ambao maji yanapata moto. Birika la wati 2,000 kwenye umeme wa volti 230 hupitisha mkondo wa karibu ampea 9. Ukichukulia kwamba nyaya zimeachana kwa milimita 3, kila mita moja ya kebo hiyo ina msukumo wa takriban nyutoni 0.005, ambao ni uzito wa nusu gramu hivi. Plastiki iliyozifunika inauzuia bila taabu, na ndiyo maana hakuna anayeuona.

Msukumo huo ndio kani ya sumaku. Hakuna kipande cha sumaku popote kwenye kebo, kuna shaba na umeme tu. Lakini kila waya wenye mkondo unazungukwa na uga wa sumaku, yaani eneo ambamo sumaku au mkondo mwingine utasukumwa au kuvutwa. Mwanafizikia Hans Christian Ørsted aliuona mwaka 1820 mjini Copenhagen, pale sindano ya dira ilipogeuka karibu na waya wenye mkondo. Habari zilipofika Paris mwezi Septemba mwaka huohuo, mwanasayansi Mfaransa André-Marie Ampère hakukawia. Aliwaza kwamba ikiwa mkondo unaweza kuisukuma sumaku, basi mikondo miwili nayo itasukumana bila sumaku yoyote kuwapo. Ndani ya wiki chache alikuwa ameonyesha kanuni tunayoitumia hadi leo: mikondo inayokwenda upande mmoja huvutana, na inayokwenda pande tofauti hufukuzana.

Katika kebo ya birika, umeme unaoingia kwa waya mmoja hurudi kwa mwingine, kwa hiyo ni lazima nyaya zifukuzane. Umeme wa majumbani hubadili uelekeo mara 100 kwa sekunde, lakini nyaya zote mbili hubadili kwa pamoja, kwa hiyo bado mikondo yake inapishana. Kani inapanda na kushuka bila kugeuka kuwa mvuto hata mara moja.

Kupata ukubwa wake si kazi ngumu. Zidisha mkondo wa kwanza kwa mkondo wa pili, gawanya kwa umbali kati ya nyaya kwa mita, kisha zidisha kwa 0.0000002. Jibu ni nyutoni kwa kila mita ya waya. Namba hiyo ndogo ilipewa heshima kubwa: kuanzia 1948 hadi Mei 2019, ampea yenyewe ilifafanuliwa kwayo. Ampea moja ilikuwa ule mkondo ambao, ukipita katika nyaya mbili nyembamba, sambamba na zisizo na mwisho, zilizoachana kwa mita moja mahali pasipo na hewa, huleta kani ya nyutoni 0.0000002 kwa kila mita.

Kwa kuwa mikondo inazidishwa, kani inakua haraka mno. Chukua mapande ya shaba yanayogawa umeme katika kituo kikubwa, yaliyoachana kwa sentimita 10. Ikitokea shoti na mkondo ukaruka hadi ampea 20,000, kila mita itapata nyutoni 800, karibu uzito wa mtu mzima wa kilo 80, katika sehemu ndogo ya sekunde. Ndiyo sababu mapande hayo hufungwa kwa vishikio imara kila baada ya hatua fupi. Asiyejua kanuni hii anaweza kudhani vishikio hivyo ni vya kubebea uzito wa shaba tu.

Sasa tuingie ndani ya waya, maana hapo ndipo penye jambo lenyewe. Mkondo ni chaji, yaani chembe zenye umeme, zinazotembea, na kani ya sumaku hushika chaji kwanza, waya baadaye. Chaji iliyotulia haisikii chochote kutoka kwenye uga wa sumaku. Inayotembea sambamba na uga nayo haiguswi. Inayoukata uga ndiyo inayosukumwa, tena kwa ubavuni, si mbele wala nyuma. Kani hiyo ni kubwa kadiri chaji, mwendo wake na uga vinavyokuwa vikubwa.

Fikiria ng'ombe aliyefungwa kamba kwenye kigingi. Anapotembea huku kamba imekaza, kamba haimwongezei mwendo wala haimpunguzii. Inamkunja tu, na njia yake inakuwa duara. Chaji iliyoingia katika uga ulio sawa kila mahali na kuukata wima hufanya vivyo hivyo: inazunguka duara bila kupoteza wala kupata nishati. Ikiwa nzito au yenye kasi zaidi, duara linakuwa pana. Uga ukiwa na nguvu zaidi, duara linabana.

Kuna swali ambalo mwanafunzi makini lazima aulize. Elektroni, yaani chembe ndogo zinazobeba mkondo ndani ya waya, zote zina chaji hasi, na chaji zinazofanana hufukuzana. Inakuwaje basi nyaya mbili ambazo elektroni zake zinaelekea upande mmoja zivutane? Mimi nilikariri kanuni hii shuleni miaka mingi kabla ya kuuliza, na najuta kuchelewa. Jibu ni kwamba waya hauna elektroni peke yake. Shaba ina chaji chanya kiasi kilekile, zimetulia mahali pake, nazo zinafuta kabisa ule ufukuzano wa umeme. Kinachobaki ni kani ya sumaku, ambayo chaji zilizotulia haziwezi kuifuta kwa sababu hazitembei.

Ukiondoa shaba, mambo yanageuka. Mihimili miwili ya elektroni inayokwenda sambamba mahali pasipo na hewa hufukuzana, kwa sababu mvuto wa sumaku hauwezi hata kulingana na ufukuzano wa umeme isipokuwa mwendo ungefikia ule wa nuru. Na elektroni za kwenye waya zinajikokota: waya wa shaba wa milimita moja ya mraba ukipitisha ampea 10, elektroni husogea chini ya milimita moja kwa sekunde. Wingi wao, na kule kufutwa kwa kani ya umeme, ndivyo vinavyotuwezesha kuiona kani dhaifu namna hii.

Uelekeo wa kani hupatikana kwa mkono wa kushoto: kidole cha shahada kionyeshe uga, cha kati kionyeshe mkondo, na gumba litaonyesha kani. Kumbuka tu kwamba elektroni huenda kinyume cha mkondo.

Kanuni hiyohiyo inafanya kazi juu ya vichwa vyetu. Protoni, yaani chembe zenye chaji chanya, zinazotoka mbali angani zikishuka kuelekea ikweta hukuta uga wa sumaku wa dunia umelala ukikata njia yao, na nyingi hupindishwa. Zinazoelekea kwenye ncha za dunia hufuata uga wenyewe, kwa hiyo hupenya kwa urahisi zaidi. Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, siku ya kumbukumbu ya uhuru wa Kenya. Ikaitwa Uhuru. Ilizunguka juu ya ikweta, ambako ngao hiyo ya sumaku ilipunguza chembe zenye chaji ambazo zingevipigia vifaa vyake kelele za uongo.