Mbona nyani bado wapo?

Juzi swali limerudi tena, safari hii kutoka kwa mzazi: "Mwalimu, unamfundisha mwanangu kuwa babu yake ni nyani. Mbona nyani bado wapo?"

Nafundisha mageuko, yaani jinsi viumbe wanavyobadilika polepole kizazi hadi kizazi, lakini sifundishi hivyo. Nyani ni yule anayekwapua ndizi barabarani pale Mikumi. Aliye karibu nasi ni sokwe mtu wa Gombe na Mahale, na hata yeye ni binamu tu. Mimi na binamu yangu tuna babu mmoja, sote tuko hai, na hakuna anayeshangaa. Babu huyo wa sisi na sokwe anakadiriwa kuishi miaka milioni 6 hadi 7 iliyopita; hakuwa sokwe wala mtu.

Lawama naitupia ile picha ya msururu, nyani ameinama nyuma, mtu amesimama wima mbele. Korongo la Oldupai, kule Ngorongoro, kunakochimbuliwa mifupa ya kale, lenyewe linaikataa. Mwaka 1959 mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey alipata pale fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu mwenye magego makubwa, la miaka milioni 1.75 hivi. Mwaka 1964 akatangazwa Homo habilis, binadamu wa kale, kutoka korongo lilelile, wa umri unaokaribiana. Wawili hao waliishi zama moja, wote wakitembea kwa miguu miwili, na ukoo wa Zinjanthropus ukakatika. Huo ni mti wenye matawi!

Je, habilis ndiye babu yetu? Naelekea kukubali, lakini siapi. Wataalamu bado wanabishana kama mifupa yote yenye jina hilo ni ya spishi moja. Asili ya uhai wenyewe ni kitendawili kigumu zaidi, na darasani nasema wazi.

Halafu kuna wanaosema kuhusu mageuko, "hiyo ni nadharia tu". Mtaani nadharia ni maneno bila vitendo. Kwetu katika sayansi ni maelezo yaliyojaribiwa mara nyingi yakasimama. Kwamba vijidudu huleta magonjwa nayo ni nadharia, na ndiyo maana tunachemsha maji. Tanzania iliacha klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, kwa sababu vimelea vilivyoihimili vilibaki vikazaana. Hayo ni mageuko, ndani ya damu ya watoto wetu.

Vitabu vingine huorodhesha uumbaji kama nadharia mojawapo ya kibiolojia. Inaniuma, maana mimi ni muumini. Nadharia lazima iwe tayari kuangushwa na fuvu la kesho, na sala yangu ya asubuhi haingojei fuvu. Yule mzazi nilimweleza hivyo. Alinyamaza kidogo, kisha akaomba kuliona Korongo la Oldupai, na darasa likienda ataenda nalo.